Kutafuta Bahari ya Kulinda Ukiwa Ruiru: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mchora ramani. Kazi niliisomea Juja, nyumba nikapanga Ruiru, na kwa miaka kadhaa sasa ramani nyingi zinazopita kwenye kompyuta yangu ni za Bahari ya Hindi. Watafiti hunitumia walichokusanya: njia aliyopita kasa mwenye kifaa cha satelaiti mgongoni, mahali nyangumi alipoonekana, kina cha maji, joto lake, mahali wavuvi wanapotega. Mimi huyapanga hayo yote juu ya ramani moja, ili wenye ujuzi waone ni sehemu zipi za bahari, mbali na ufuo, zinazostahili kulindwa. Ndugu zangu wa Thika hawachoki kunitania: "Na hiyo bahari ya Ruiru iko upande gani wa steji?" Utani wao una jibu, na kazi hii ndiyo iliyonionyesha. Haya hapa ni mafunzo niliyopata.

1. Urembo haumo kwenye vigezo

Ukimtajia mtu wa bara hifadhi ya bahari, anachokiona akilini ni matumbawe, maji ya samawati na boti yenye kioo chini. Si kosa lake, maana Kenya ilianzia huko. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Zikafuata Kisite-Mpunguti mwaka 1978, Kiunga 1979 na Mombasa 1986. Zote zimeukumbatia ufuo. Hifadhi ya taifa ya Malindi ina kilomita za mraba 6 na ushei, ilhali bahari ya Kenya hadi maili 200 kutoka pwani ni takriban kilomita za mraba 142,000. Jumlisha hifadhi zote za baharini za nchi hii na hutafika asilimia moja. Kule nje kwenye kilindi, ramani ni nyeupe.

Ili kujaza weupe wa namna hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikutana Bonn, Ujerumani, mwaka 2008 na kukubaliana vigezo saba. Je, mahali hapa ni pa kipekee au ni adimu? Je, viumbe wanapahitaji ili wazae, wakue au wapite? Je, pana viumbe walio hatarini kutoweka? Je, pakiharibiwa patachelewa kupona? Je, panazalisha chakula kingi baharini? Je, pana aina nyingi za viumbe? Na mwisho, je, bado pako katika hali ya asili?

Hakuna kigezo kinachouliza kama mahali panapendeza. Tope jeusi ambalo hakuna mtalii angelipiga picha linaweza kupita kwa alama za juu kwa sababu kamba hukulia humo. Siku nilipolielewa hilo niliacha kuvutiwa na rangi za picha za satelaiti, nikaanza kuuliza kila mraba wa ramani: wewe unafanya kazi gani?

2. Bila msimu, ramani ya bahari haijakamilika

Shamba la kahawa utalikuta palepale Januari na Agosti. Bahari haiko hivyo. Mkondo wa Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini ukipita pwani yetu. Wakati wa upepo wa kusi husonga mbele hadi Somalia bila kizuizi. Upepo wa kaskazi ukiingia, takriban Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, na mikondo hiyo miwili ikakutana nje ya pwani ya kaskazini ya Kenya kisha ikaelekea mashariki, baharini kabisa. Eneo hilo la makutano lina uhai mwingi. Maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini, mimea midogo mno ya kijani huongezeka, dagaa huja kula, na jodari na sulisuli huwafuata dagaa. Katika eneo hilohilo sakafu ya bahari huinuka na kufanya kingo za mwamba ambazo wavuvi wa Malindi na Watamu wamezijua kwa muda mrefu. Kwa watafiti ni Kingo za Kaskazini mwa Kenya.

Ukipima hapo mwezi mmoja tu, unaweza kuandika kwamba hapana kitu. Kwa hiyo siku hizi sikubali kuchora eneo kutoka kwenye takwimu za msimu mmoja. Huwa nachora ramani mbili, ya kusi na ya kaskazi, nikaziweka bega kwa bega. Mara nyingi ubishi wa wataalamu wawili juu ya mstari mmoja huishia hapo, kwa kuwa kila mmoja wao alikwenda baharini kwa upepo wake.

3. Kutoonekana si kutokuwepo

Funzo hili limetoka kisiwa cha Mafia, Tanzania. Papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani mwenye madoa meupe mgongoni, huonekana huko kwa wingi kuanzia Oktoba hivi hadi Machi. Baada ya hapo hupotea, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba wamehama. Kisha watafiti wakawabandika vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wengi wao hawakwenda popote. Walisogea nje kidogo tu na kushuka chini zaidi, na kwa jicho la mtu aliye kwenye boti huko ndiko kupotea.

Nikizipitia takwimu zetu nauona mtego huohuo. Nukta za nyangumi na pomboo zimerundikana karibu na Watamu, Diani na Shimoni, yaani penye boti za watalii na watafiti wa kujitolea. Nyangumi wa nundu hupita pwani yetu katikati ya mwaka wakitoka kusini, na Julai na Agosti ni miezi ya kusi kali, wakati vyombo vidogo vingi viko nchi kavu. Miaka ya uharamia uliotokea Somalia, hasa kati ya 2008 na 2012, vyombo vya utafiti viliikwepa bahari ya kaskazini, na pengo hilo bado limo kwenye takwimu. Kwa hiyo kila ramani ya wanyama ninayochora huiambatanisha na ramani nyingine inayoonyesha boti zilikwenda wapi na zilikaa muda gani. Penye boti nyingi na wanyama wachache, tunaweza kusema hapana wanyama. Pasipo na boti, hatuna haki ya kusema lolote.

4. Mvuvi ana ramani yake, na ana sababu ya kuificha

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana. Nilikaa hapo na mzee mmoja, nahodha wa mashua ya jarife, nimemtandazia ramani ya kina cha maji juu ya mkeka. Hakuitazama kwanza. Alinitazama mimi.

"Hivi, mwanangu, hiyo karatasi ukishaimaliza ataisoma nani?"

"Wataalamu, mzee. Halafu serikali."

"Basi tia alama pale pasipo na samaki."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Baada ya kahawa aliinama, akaweka kidole kwenye ukingo ambapo mistari ya kina inakaribiana, mahali sakafu ya bahari inapoporomoka. "Hapa. Kaskazi ikilala, jodari hupanda. Kusi ikishaingia usiende, bahari haikutaki." Kidole chake kilikuwa kimegusa hasa mahali ambapo kompyuta yangu, kwa hesabu za joto na rutuba, ilikuwa imepaka rangi nyekundu.

Woga wake una historia. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya Diani-Chale kusini mwa Mombasa. Wavuvi waliipinga, na ikabaki kwenye karatasi. Miaka kumi baadaye, Kuruwitu katika kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari chenye ukubwa wa takriban hekta 30 ili samaki wapumzike. Leo eneo hilo lililotengwa linatajwa kila mahali kama mfano. Huko Diani-Chale mstari ulitoka ofisini, na Kuruwitu ulitoka ufuoni.

Mzee aliyenionyesha ukingo wake nilimwahidi jambo moja, nami nalishika hadi sasa: taarifa za wavuvi sizitoi kama nukta. Nazikusanya kwenye miraba mikubwa, ili mtaalamu aone kwamba eneo lina uhai lakini mwenye meli kubwa asipate anwani ya kwenda kukokota nyavu. Ghuba ya Ungwana ina ugomvi wa muda mrefu kati ya wavuvi wadogo na meli za kamba, hata serikali ikasimamisha meli hizo mwaka 2006. Katika hali kama hiyo, nukta moja isiyofichwa inaweza kumnyima mtu riziki yake.

5. Bahari ya Malindi inaanzia kwetu

Sasa nawajibu ndugu zangu wa Thika.

Mto Ruiru unapita chini ya barabara kuu, unaungana na mto Nairobi, kisha unaingia Athi. Athi unaporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, safari fupi kutoka Thika mjini, unapita Ukambani, unaitwa Galana ukivuka Tsavo, na mwishowe unaitwa Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Thika ina njia nyingine. Mto Chania unakutana na mto Thika hapo mjini, na maji yao yanaelekea Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, kisha yanashuka na mto Tana kupitia mabwawa mengine na Garissa hadi Kipini.

Tazama ajabu hiyo. Ni miji miwili ambayo matatu inaiunganisha kwa muda mfupi, lakini maji yake yanaachana njia nchi nzima, kisha yanamwagika kwenye ncha mbili za ghuba moja. Sabaki iko kusini mwa Ungwana, Tana iko kaskazini. Kamba wanaogombewa na wavuvi wa Ngomeni na meli kubwa wanakulia kwenye tope na rutuba ya mito hii miwili.

Mto basi si adui wa bahari, taabu ni kupita kiasi. Chota maji ya mto Ruiru kwenye chupa ya plastiki wakati wa mvua za Aprili, uyaache dirishani usiku kucha. Asubuhi juu yatakuwa na rangi ya chai iliyochujwa, na chini kutakuwa na tabaka la udongo mwekundu ambalo ungeweza kulipaka ukutani. Sehemu ya udongo huo ni ya mashamba. Sehemu nyingine ni ya viwanja vyetu. Kuanzia Kimbo hadi Kamakis kila mtu anachimba msingi, na rundo la udongo huachwa kando ya barabara likingojea mvua ilisombe.

Matumbawe ya Malindi yameweka kumbukumbu ya jambo hili. Tumbawe hujenga mifupa yake ya chokaa tabaka kwa tabaka mwaka baada ya mwaka. Udongo wa mto hubeba madini ya bariamu, nao ukifika kwenye maji ya chumvi huiachia, na tumbawe likaijenga ndani ya tabaka la mwaka huo. Dominik Fleitmann na wenzake walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye umri wa miaka takriban 300, wakapima bariamu tabaka kwa tabaka na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Tangu 1700 hadi 1900 kiwango kilikuwa karibu kilekile. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kufyekwa, kulimwa na kukaliwa na watu wengi zaidi, kikaanza kupanda. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, mara tano hadi kumi ya hali ya asili, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 70 na ukataji wa miti. Ndani ya jiwe hilo la baharini mna historia ya bonde lote la Athi, kuanzia mashamba ya Kiambu hadi vilima vya Ukambani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mchora ramani hawezi kulipuuza. Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini, kuelekea Ungwana. Wakati wa kaskazi hurudi kusini na kuifunika hifadhi ya Malindi. Hifadhi ina mpaka uliotangazwa kisheria tangu 1968, na tope linauvuka kila mwaka. Kwa upande wa Tana, udongo mwingi hunaswa na mabwawa. Bahari inapata tope pungufu, lakini Masinga linajaa na mlango wa mto unakosa udongo wa kuujenga ufuo. Athi haukuwa na bwawa kubwa la namna hiyo hadi ulipoanza ujenzi wa Thwake, huko Makueni na Kitui.

Kwa hiyo nikichora eneo la bahari mbele ya mlango wa mto, nachora na bonde la mto wenyewe. Baadhi ya wakubwa wa kazi huuliza Kiambu inatafuta nini kwenye ramani ya bahari. Nikiwaonyesha grafu ya tumbawe lile, hawarudii swali.

6. Kuna wenyeji na kuna wapita njia

Tumbawe halihami, unaweza kulizungushia mstari. Kasa ni jambo jingine. Graeme Hays na wenzake waliwabandika vifaa vya satelaiti kasa wa kijani waliokuwa wakitaga mayai visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, na kutoa matokeo mwaka 2014. Mmoja aliogelea kilomita 3,979 hadi pwani ya Somalia kwenda kula. Chagos ilikuwa imetangazwa hifadhi kubwa ya bahari mwaka 2010, lakini kwa kasa huyo hifadhi ilikuwa chumba cha kujifungulia tu, na maisha yake yaliyobaki aliyaishi nje ya mpaka.

Viumbe wa aina hii hawatoshi kwenye duara moja. Wanahitaji mnyororo wa maeneo: pa kutaga, pa kupita na pa kula. Kwa sababu hiyo eneo la Pemba-Shimoni-Kisite limeelezwa na wataalamu kama kitu kimoja ingawa liko Kenya na Tanzania. Nikiukata mstari mpakani, najua ninachora siasa, na pomboo wa Shimoni hawana habari nayo.

7. Kuelezwa si kulindwa

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi za kusini mwa Bahari ya Hindi walikutana Morisi na kuvitumia vile vigezo saba. Wakatoka na orodha ya maeneo yenye umuhimu wa kiikolojia. Kwetu yalikuwamo Lamu-Kiunga, eneo la Watamu na Pemba-Shimoni-Kisite. Tanzania ilikuwa na Rufiji-Mafia-Kilwa na hifadhi ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silakanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosau. Hata Malindi silakanti mmoja alinaswa na meli ya nyavu za kukokota mwaka 2001.

Watu wengi huisoma orodha hiyo wakadhani maeneo yale yamefungwa. Hayajafungwa. Maelezo yale ni ushahidi wa kisayansi, hayamzuii mtu kuvua wala kuchimba mafuta. Kulinda ni uamuzi wa nchi yenyewe, na nje ya maili 200 ni uamuzi wa mataifa kwa pamoja. Ukingo wa Saya de Malha, kati ya Shelisheli na Morisi, unaonyesha ugumu huo. Uko kwenye orodha, umefunikwa na majani ya bahari kwa eneo kubwa, sakafu yake inasimamiwa na nchi hizo mbili kwa pamoja, lakini maji yaliyo juu yake ni bahari kuu isiyo na mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bahari kuu, uliopitishwa Juni 2023, ndio uliofungua njia ya kuweka hifadhi kwenye maji ya namna hiyo.

Sasa kuna haraka mpya. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yaliahidi kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Nchi iliyo chini ya asilimia moja baharini ina kishawishi kikubwa cha kuchagua eneo lililo mbali, lenye kina kirefu, lisilogombewa na mtu, na kulipaka rangi ya kijani ili hesabu itimie. Kuchora eneo kama hilo ni kazi ya asubuhi moja, na nyangumi, jodari na mvuvi wa Ngomeni hawatapata chochote.

Ndiyo sababu nikisikia eneo jipya limetangazwa, siulizi kwanza ukubwa wake. Nauliza linafanya kazi gani baharini na katika msimu upi. Nauliza kama wavuvi walikuwapo mstari ulipochorwa. Na kama liko mbele ya mlango wa mto, nauliza ni nani ameongea na watu wa juu ya mto. Hilo la mwisho bado halijapata jibu zuri, na watakaolijibu ni wakulima wa Kiambu, kaunti zinazotoa vibali vya ujenzi na sisi tunaorundika udongo kando ya barabara za Ruiru.